Nenda Kwanza Ukaanguke

Chama cha wafugaji cha Ruiri kilimwambia binti yangu kwamba kazi ni yake, mradi aje na pikipiki yake mwenyewe. Kazi yenyewe ni kupandikiza ng'ombe mbegu, ile ambayo wafugaji wetu huiita A.I., na ambayo mama mkwe wangu hadi leo huwaeleza watu wa kanisani kuwa ni kazi ya ofisi. Ng'ombe akishikwa na joto la kutaka dume hangoji mtu. Anayekuja kumhudumia akichelewa nusu siku, mfugaji anaanza kungoja upya, na chama hakikutaka kusikia habari za kungojea gari barabarani. Kilitaka mtu ajifunge helmeti, afunge mtungi wa mbegu nyuma, afike.

Mimi ni fundi cherehani hapa Kianjai. Nashona sare za shule, na kwa kazi hiyo nawajua vijana wa hapa tangu walipokuwa na kaptura za darasa la kwanza. Najua pia ni wangapi wao wamewahi kulazwa wodi ya mifupa. Nilienda huko mara moja kumwona mtoto wa jirani. Wodi nzima miguu ilikuwa imening'inizwa kwa kamba, vijana watupu, wote wa pikipiki, na walikuwa wakirushiana karata kutoka kitanda hadi kitanda kama wanafunzi bwenini. Nilimpa mgonjwa wangu ndizi zake nikatoka nje nikakaa kwenye ngazi. Niliogopa. Sina neno lingine la kuweka hapo.

Kumkataza binti yangu sikuweza. Alikuwa amesomea mifugo, leseni ya pikipiki alikuwa nayo, na kwetu mtoto akipata kazi huwezi kumwambia aiache kwa sababu mama yake aliona miguu. Baba yake alisema tuamue sisi wawili, jambo ambalo amekuwa akilisema tangu tuoane. Kwa hivyo niliamua mimi. Nilisema atapanda pikipiki, lakini nitaichagua mwenyewe, na itakuwa ya zamani.

Sababu zangu zilikuwa nzuri. Mjini pikipiki mpya zimepangwa mbele ya maduka zikimetameta, na inasemekana ukizigusa tu zimeshafika kwa jirani. Mimi nina cherehani mbili. Moja ni ya chuma, niliirithi kwa shangazi yangu, inaenda polepole, na haijawahi kunidunga. Nyingine ni ya umeme, nilinunua mpya, na wiki ya kwanza ilinipitisha sindano kwenye kidole. Nilikuwa na ushahidi. Kitu kilichoishi miaka mingi ni kitu ambacho hakijaua mtu, nikamwambia hivyo binti yangu. Alisema hesabu zangu zina shida mahali. Nikamwambia anionyeshe ni wapi, akashindwa, au alichoka.

Habari za pikipiki zililetwa na shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ni broka wa ng'ombe na hushuka hadi Kiritiri kutafuta mbuzi. Alisema huko kuna mama mmoja, muuguzi mstaafu, ana pikipiki ya zile walizokuwa wakipewa watu wa afya na wa kilimo wakati mimi nilikuwa msichana wa shule. Ya kupiga kiki, taa ya duara, tangi jekundu. Imepandwa na mtu mmoja tu maisha yake yote, na sasa nyonga za mama huyo zimekataa. Shemeji akajitolea kuongoza ununuzi. Hakuna aliyemuuliza kama anajua pikipiki. Kwetu mtu aliyenunua ng'ombe wengi bila kulia hukabidhiwa kila ununuzi, hata wa mashamba, hata wa nguo za harusi.

Tuliondoka Kianjai asubuhi na pikapu yake, ambayo ilinuka mbuzi kuliko mbuzi wenyewe. Njiani alitufundisha kanuni. Kanuni kuu ni ile ambayo kila mtu wa soko la mifugo anaijua: mnyama unayemtaka usimsifu, umtukane. Unasema ana mgongo wa kubeba kuni, kwato zimepinda, macho yana usingizi, na wewe umesimama hapo kwa sababu ya kukosa kazi. Mwenye ng'ombe hakasiriki. Anajua hiyo ni adabu. Ukianza kumsifu ng'ombe wake atashuku una jicho baya au una haraka, na vyote viwili vitakugharimu. Tulipopita Chuka shemeji alikuwa ameshafika kwenye nyuso. Mimi nilitakiwa kuonekana mtu aliyeacha chungu motoni. Binti yangu alitakiwa aonekane anaumwa na tumbo, asiseme neno.

Tulipokata Embu kuteremka upande wa Mbeere tulivua sweta moja baada ya nyingine. Shemeji, ambaye hatafuni kitu kisicho miraa ya kwao Tigania, alisimama mara kadhaa kuwaambia wauzaji wa muguka, ile miraa ya Mbeere, wa barabarani kwamba hataki muguka. Nadhani alikuwa anajipasha moto.

Mama muuguzi alitukaribisha sebuleni. Alikuwa mwanamke mrefu, mkavu, mwenye fimbo ambayo alionekana kuichukia. Sebule yake ilikuwa na viti, kabati la vyombo, kalenda ya kanisa na pikipiki. Ilisimama pale pale baina ya viti, magurudumu yamefutwa, na juu ya tangi kulikuwa na kitambaa cheupe cha kushonwa kwa mkono, sawa kabisa na vitambaa vilivyokuwa kwenye migongo ya viti. Alikivua taratibu. Binti yangu akavuta pumzi, na shemeji akamkanyaga mguu.

Kisha shemeji akaanza kazi. Aliizunguka, akainama nyuma yake kama mtu anayetazama kiwele, akapiga kiti kwa kiganja. Alisema kwa sauti ya huruma kwamba kitu hiki kimechoka. Matairi yamezeeka, rangi ni ya mtu mgonjwa, na spea zake labda zipo makumbusho. "Mama, mimi nakuambia ukweli," alimaliza. "Hii hata tukipewa bure, tutaulizwa nyumbani tumeleta nini." Nami nikaweka uso wa mtu aliyeacha chungu motoni, nikasema ni kweli, imechoka.

Mama wa watu alisikiliza yote. Alipoona shemeji amemaliza, akakirudisha kitambaa juu ya tangi, akakinyoosha pembe zote, akatuuliza kama tumekula. Alituletea uji wa mtama na bakuli la ndengu. Tulikula. Shemeji alinikonyeza, kwa maana kwamba mambo yanakwenda vizuri, kwa kuwa kwenye soko letu mtu akikulisha baada ya matusi ujue amekubali.

Tulipomaliza, mama akakusanya bakuli. "Nimewasikia," akasema. "Ni mbaya. Basi muiache kwangu, mimi nimezoea hiyo ubaya yake."

Shemeji alicheka. Ilimchukua muda kuona kwamba hakuna mwingine anayecheka. Akaanza kueleza kuwa huo ulikuwa mwanzo tu wa mazungumzo, na mama akamwambia yeye hana ng'ombe wa kuuza, ana pikipiki aliyoipanda kwenda kuzalisha nusu ya watu wa hapa, na mtu asiyeipenda hataipeleka kokote. Alisema hivyo bila hasira, akashika fimbo aje atufungulie mlango. Nilijua tumeharibu. Nilijua pia kwamba kama tungerudi mikono mitupu, binti yangu angeenda zake mjini kuchukua moja ya zile za kumetameta, na safari hii nisingekuwa na ushahidi wa kumtolea.

Ndipo yule aliyeambiwa aumwe na tumbo akazungumza.

"Shosho, pole kwa maneno ya ankoo," alisema. "Mimi hii pikipiki nimeipenda tangu ulivyotoa kitambaa. Naenda kazi ya ng'ombe. Naomba uniuzie."

Mama yule akamtazama kuanzia viatu. Akamuuliza ng'ombe wapi, barabara ya aina gani, atabeba nini, atakuwa na nani. "Peke yangu," binti yangu akajibu. Mama akamuuliza ameshaanguka mara ngapi.

"Sijawahi anguka hata siku moja."

"Hajawahi," nami nikasema, na nilisema kwa fahari, kwa sababu nilikuwa nimempeleka mwenyewe kwenye uwanja wa shule akifunzwa, na nilikuwa nimefunga na kuomba.

"Basi siwezi kukuuzia," mama akasema. "Nenda kwanza ukaanguke."

Nilidhani ni kisasi cha yale matusi. Lakini aliketi, akavuta sketi yake hadi gotini, akatuonyesha muundi. Upande wa ndani ulikuwa na kovu refu la kuungua, linang'aa. Alisema yeye pia alitoka kufunzwa bila kuanguka, cheti safi, kila mtu akimsifu. Mwezi wa kwanza aliitwa kwa mama aliyekuwa na uchungu, mbali huko chini. Kwenye mchanga pikipiki ikaanza kulala. Aliishikilia. Aliishikilia kwa sababu ilikuwa ya serikali na kwa sababu hakujua kwamba kuna kuachilia. Ikamlalia mguu na ekzosi, lile bomba la moshi, ikakaa juu ya nyama mpaka wachunga mbuzi walipomkuta jioni.

"Yule mama alijifungua peke yake," akasema. "Mtoto hakukaa."

Shemeji alitazama chini, na safari hii hakuwa anafuata kanuni. Mimi nilitaka tuondoke. Nilimwambia binti yangu asimame twende, kuna pikipiki nyingi Kenya hii. Binti yangu alikuwa ameshainua helmeti yake kutoka chini ya kiti na alikuwa anamuuliza shosho huo mchanga uko wapi.

Mto ulikuwa karibu, mkavu, mpana, na lori moja limeteremshwa katikati likipakiwa mchanga. Mama muuguzi alitembea mbele na fimbo yake, akikataa mkono wangu, na shemeji na binti yangu wakaisukuma pikipiki nyuma yetu. Kabla hajamruhusu binti yangu kupanda alifungua kioo cha pembeni kwa spana akakitia mfukoni, akasema bado ni chake. Maelekezo yake yalikuwa mafupi. Endesha polepole mpaka mchanga uivute. Ikianza kulala, usipigane nayo. "Toa mkono, toa mguu, iache iende," alisema. "Ni wewe uko na mifupa."

Niliyoyaona hapo sikuyaweza. Nimemzaa mtoto huyu, nimemchanja, nimemfunga sweta hadi shingoni katika baridi ya Kianjai, na nimesimama kwenye ukingo wa mto wa watu nikimtazama akienda kuanguka kwa makusudi. Mara ya kwanza hakuachilia. Alishika usukani kama nilivyotarajia mtoto wangu ashike kitu cha thamani, pikipiki ikamvuta ikamlaza, na ni mchanga tu uliookoa mguu. Nilikuwa nimeshaanza kuteremka mbio. Fimbo ikanikatiza mbele ya magoti.

"Kaa hapa," mama akasema.

Nilimwambia mambo. Nilimwambia nimekuja kununua pikipiki, sikuja kuuza mtoto, na kwamba kwetu mtu mzima hamwangushi mtoto wa mwenzake halafu akasimama kutazama. Nilisema mengine kwa Kimeru, ambayo nilitumaini hayaeleweki Mbeere, ingawa baadaye nilikumbuka kwamba lugha zetu hazijaachana sana. Binti yangu alikuwa ameinuka, anapangusa suruali, na alikuwa amegeuka kunitazama. Nilimpungia mkono. Akarudi kwenye pikipiki.

Akaanguka tena, akaanguka tena. Wapakiaji wa mchanga waliacha koleo zao wakaketi juu ya shehena. Mmoja alitoa maoni kwamba aongeze moto kidogo, mwingine kwamba apunguze, na shemeji akaenda kukaa nao kwa kuwa huko angalau watu walikuwa wanasema kitu. Binti yangu alikuwa anajifunza, hilo niliweza kuliona, mikono ilianza kutoka mapema na mguu ulianza kuruka upande. Lakini kila mara akiwa chini, kabla hajaitazama pikipiki, kabla hajajitazama mwenyewe, alitazama ukingoni.

Mama muuguzi naye alikuwa ameliona hilo.

"Anakuangalia wewe," alisema. "Ndio ajue kama ameumia."

Nilimpungia binti yangu mkono tena.

"Akianguka huko Ruiri, utakuwa wapi?"

"Kianjai," nikasema.

"Basi geuka uangalie Kianjai."

Kutoka Kiritiri huwezi kuiona Kianjai. Niligeuka hata hivyo, kwa sababu nilianza kuogopa kwamba anasema kweli. Mbele yangu kulikuwa na mti wa miiba, magunia ya makaa yaliyopangwa yakingoja mnunuzi, na mbuzi mweupe amesimama kwa miguu ya nyuma akivuta majani. Nilimtazama huyo mbuzi kwa makini kuliko nilivyowahi kumtazama mnyama yeyote. Nyuma yangu injini ililia, ikaja, ikapita, ikabadilika sauti kwenye mchanga. Kisha kishindo. Kisha kimya.

Mwanzoni kimya kilikuwa kifupi. Kikaendelea. Nilihisi kwamba macho ya mtoto wangu yako kwenye mgongo wangu, yananitafuta uso, na kwamba hayaupati. Ilikuwa kama kumfungia mtu mlango usiku. Hata shemeji hakusema neno, na nikafikiri kama shemeji amenyamaza basi mtoto amekufa. Niliuma kona ya leso. Mama muuguzi alikuwa ameweka mkono wake kwenye bega langu, na sikujua kama ananizuia au ananishika.

Halafu nikasikia mtu anacheka. Alikuwa binti yangu. Alikuwa anawaambia wapakiaji kitu nisichokisikia, na wao wakamjibu, na akacheka tena. Kiki ikapigwa, ikakataa. Ikapigwa. Injini ikawaka.

"Sasa unaweza kugeuka," mama akasema.

Sikugeuka mara moja. Nilikuwa nalia, na shemeji ni mtu ambaye habari kama hiyo ingefika Kianjai kabla yetu. Nilipojifuta nikageuka, nilimkuta binti yangu mbali juu ya mto akiendelea kwenda, mgongo umetuelekea, mchanga umemshika upande mzima kuanzia helmeti hadi kiatu. Hakuwa akimtafuta mtu ukingoni. Nilifurahi, na iliniuma, na hayo mawili hayakungojana zamu.

Bei mama aliitaja mwenyewe, ile ile aliyokuwa amemtajia shemeji kabla hatujaja. Nililipa. Kioo mama alikirudisha kwa mkono wake akakikaza kwa spana. Tulipoipakia kwenye pikapu na kuifunga kwa kamba za mbuzi, mama alirudi ndani hadi sebuleni, akasimama akitazama mahali pale palipobaki tupu baina ya viti. Akamwita shemeji, akamwomba amsogezee kiti kimoja katikati. Shemeji alisogeza. Akamwambia bado kunaonekana tupu, asogeze na kingine.

Binti yangu anaishi Ruiri sasa, amepanga chumba karibu na kituo cha maziwa, na huja nyumbani mwisho wa wiki. Mwanzoni nilipiga simu kila jioni. Aliniambia ng'ombe ni wangapi, mvua ni kiasi gani, nami nilisikiliza sauti yake kama fundi anavyosikiliza mashine. Habari za kuanguka hakuwahi kuniambia.

Siku moja alikuja mteja, mfugaji wa upande wa Ruiri aliyekuwa na dada yake huku kwetu, anataka sare ya mtoto. Nilipokuwa nampima mtoto mabega akaniuliza kama mimi si mama wa yule msichana wa A.I. Nikasema ndimi. Alisema wiki iliyopita alikuwa na ng'ombe ameshikwa na joto na mvua imenyesha usiku kucha, akakata tamaa kabisa. Msichana akafika. Alikuwa na matope upande mmoja wote, alisema, hadi shavuni, na mkono mmoja alikuwa akiukunja na kuukunjua. Akaomba maji na sabuni. Mfugaji akamuuliza kama yuko sawa, naye akauliza ng'ombe ameanza kupanda wenzake tangu saa ngapi.

"Huyo msichana yuko na heshima," mteja wangu akasema. "Aliomba msamaha kwa kuchelewa, na hakuwa amechelewa."

Nilimaliza kumpima mtoto. Nilimpima tena, kwa kuwa namba zilikuwa zimenitoka kichwani.

Jumamosi binti yangu alikuja. Alikula, akalala, akanisaidia kukunja vitambaa, na mkono wa kushoto aliutumia taratibu. Sikumuuliza. Nilimwambia avue suruali yake ya kazi niitazame mshono. Nikakaa kwenye cherehani ya chuma nikatia kitambaa kigumu cha pili kwenye magoti yote mawili, kwenye kiuno upande wa kushoto, na nilipofika kwenye koti lake nikatia kwenye viwiko. Yeye aliketi mlangoni akinywa chai, ananitazama nikishona. Nilipomrudishia nguo zake alizipima uzito mikononi, akanitazama usoni, nami nikajifanya natafuta sindano. Jumatatu asubuhi alizivaa akaenda kazini.